Kutoka Kondoa hadi Dodoma na Honda ya Mwaka 1983: Kumbukumbu za Siku Tisa

Siku ya kwanza, Kondoa

Basi lililotoka Dodoma alfajiri lilinifikisha Kondoa kabla ya saa nne asubuhi, jua la Juni likiwa bado halijaondoa baridi iliyokuwa imeshikamana na mabati ya stendi. Mzee aliyekuwa ananiuzia pikipiki nilikuwa nimemwomba kwa simu, siku moja kabla, asiiwashe mpaka nifike. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mambo mengi, na mimi nilitaka kuiona inavyoamka.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," aliitikia, "usikimbilie chombo, kaa kwanza unywe maji." Baada ya maji alilivua turubai, nami nikagusa mapezi ya silinda kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Yalikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Ni Honda CG125, na kadi yake inaonesha kuwa ilitengenezwa mwaka 1983. Nilikuwa nimeichagua aina hii kwa makusudi. Ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, na waliobuni walikuwa wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobeba mizigo mizito katika vumbi na hawana gereji jirani. Ndiyo maana valvu zake husukumwa na fito mbili ndefu badala ya kuendeshwa na cheni juu ya injini, na ndiyo maana cheni ya gurudumu la nyuma imefungiwa ndani ya boksi la bati. Injini ni ya sentimita za ujazo 124, umeme wake ni wa volti 6, na hakuna sehemu ambayo fundi wa kawaida hawezi kuifikia akiwa na spana chache.

Nililinganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, kisha namba ya injini, herufi kwa herufi, huku nikifuta grisi kwa kitambaa. Zote zilikuwa sawa. Mzee alivuta choki, akafungua koki ya petroli, kisha akanipa nafasi nipige kiki mwenyewe, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena, na hiyo ndiyo sababu ya kuiuza. Iliwaka kwa kiki ya tatu. Moshi mwepesi wa bluu ulitoka kwa muda mfupi ukaisha, na mlio ulikuwa mtulivu kupita nilivyotarajia, jambo ambalo nililifurahia siku ile na kulitazama kwa jicho jingine siku saba baadaye.

Tulikubaliana shilingi 650,000, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kabla sijaondoka Mzee alinipa kifuko cha spana nne na bisibisi moja, akanieleza tabia za chombo, moja baada ya nyingine: gia ya pili huingia vizuri ukiikanyaga polepole, honi hulia injini ikiwa imechangamka, na katika safari ya shamba, ambalo liko upande wa Pahi, huwa inachoka njiani. "Ikichoka usiilazimishe," alisema. "Iache kivulini ipumzike kama punda, baada ya nusu saa itakwenda yenyewe." Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo kwenye daftari.

Siku ya pili, Kondoa na Kolo

Kondoa hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 158 za lami, na mwendesha bodaboda mmoja aliyenisaidia kutafuta maji ya kuoshea aliniambia kwamba ningefika kabla ya adhuhuri. Sikuwa na haraka hiyo. Nilikuwa na likizo ya shule, nilikuwa na ndugu njiani, na nilikuwa nimeazimia kutokwenda mbali na pikipiki nisiyoijua. Mimi hufundisha fizikia, na jambo ninalowasisitizia wanafunzi katika majaribio ni kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Niliamua kuifuata kanuni hiyo hiyo: siku moja, jambo moja, na kila nilichokigusa nikiandike.

Jambo la siku hii lilikuwa kuiosha. Naliita jambo kubwa kwa sababu kuosha kwa mkono, kwa brashi ya kufulia na sabuni ya unga, ndiyo njia ya kupitisha macho kila mahali. Chini ya tope la miaka nilikuta nati mbili za kushikilia ekzosi zimelegea, spoki moja ya nyuma imekatika kichwani, na mpira wa kuunganisha kabureta na boksi la hewa umechanika upande wa chini, kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Huo mpasuko ndio ulionitia hofu zaidi. Vumbi linaloingia hapo halipitii kwenye chujio, linakwenda moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi la kwetu husaga pistoni na ringi kama msasa. Niliuziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli nilivyovizungushia waya, kama tiba ya muda hadi nipate mpira mpya.

Tairi za mbele na nyuma zilikuwa na upepo pungufu. Nilizijaza paundi 25 mbele na 28 nyuma, halafu jioni, nikiwa na petroli isiyofika nusu ya tangi, niliipandisha barabara ya Babati hadi Kolo na kurudi. Huko ndiko waliko walinzi wa michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ila mimi siku hiyo nilikwenda kwa ajili ya mlima tu. Nilitaka kujua kama klachi inateleza ikiwa na mzigo. Haikuteleza. Breki ya nyuma ilishika vizuri. Ya mbele ilihitaji nibane mkono wote mpaka karibu na mpini ndipo ianze kufanya kazi. Pikipiki haikuchoka hata mara moja, na nililala nikiwaza kwamba huenda Mzee alikuwa akiihurumia tu.

Siku ya tatu, Kondoa hadi Chemba

Nilijaza tangi hadi shingoni asubuhi, nikavaa koti zito na helmeti, nikaondoka saa mbili. Upepo wa Juni huvuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo anayetoka Kondoa kwenda Dodoma huupokea kifuani karibu safari yote, na kwa injini ndogo upepo wa namna hiyo ni sawa na kupanda kilima kisichoisha. Nilishikilia kilomita 55 kwa saa. Pembeni mabua ya mtama yalikuwa yamevunwa na alizeti zimekauka vichwa chini.

Baada ya kama nusu saa injini ilianza kukosa nguvu. Haikukohoa wala kupiga mishindo, ilififia tu, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno, kisha ikazima. Niliisukuma hadi chini ya mgunga, nikaitazama plagi, nikaikuta ya rangi ya kahawia iliyokolea, nafasi yake milimita 0.7, cheche ikionekana wazi hata mchana. Nilipomaliza kuyafanya hayo zilikuwa zimepita dakika ishirini na zaidi, na pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Nikakumbuka punda wa Mzee.

Ilizima tena mbele kidogo, kwa namna ile ile. Safari hii nilishuku kabureta, nikalegeza skrubu ya kumwagia petroli chini ya kikombe chake. Yalitoka matone machache, kisha hayakutoka tena, ingawa koki ilikuwa wazi na tangi limejaa. Hapo nilijua kwamba petroli haishuki, lakini sikujua kwa nini, nikafikiria kutu ndani ya koki. Niliamua kuchungulia tangi. Nilipozungusha kifuniko hewa iliingia kwa mvumo, fyuuu, na wakati huo huo petroli ikaanza kutiririka chini kutoka kwenye kabureta ambayo nilikuwa sijaifunga.

Nilisimama pale barabarani kwa muda, nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyefundisha somo hili. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupitisha hewa, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na vumbi lililochanganyika na petroli likawa gumu kama udongo wa kichuguu. Petroli inaposhuka lazima hewa ichukue nafasi yake. Isipoingia, mgandamizo ndani ya tangi hupungua mpaka petroli inashindwa kushuka. Ukisubiri, hewa hujipenyeza kidogo kidogo kwenye mpira wa kifuniko na mambo yanarudi sawa. Hiyo ndiyo nusu saa ya Mzee. Na jana, nilipokwenda Kolo na tangi lisilofika nusu, ile nafasi kubwa ya hewa juu ya petroli ilitosha kwa safari nzima bila mgandamizo kushuka sana. Leo, tangi likiwa limejaa hadi shingoni, nafasi ilikuwa ndogo mno, na petroli kidogo tu iliyotumika ilitosha kuleta tatizo. Nilizibua tundu kwa sindano ya kushonea niliyokuwa nayo kwenye mkoba, nikapuliza mpaka pumzi ikapita bila kizuizi. Pikipiki haikuzima tena hadi Chemba.

Binamu yangu alinipokea kwa uji wa ulezi, na mumewe akauliza kwa nini kilomita chache namna ile zimenichukua nusu siku. Nilimwonesha kifuniko, akakifunua na kukifunika mara tatu.

Siku ya nne, Chemba

Sikusafiri. Jambo la siku hii lilikuwa breki ya mbele na cheni.

Shemeji alinishikia gurudumu la mbele huku nikilitoa. Brekishu hazikuwa zimeisha. Zilikuwa zimeng'aa kama kioo kwa vumbi na joto, na kwa hiyo ziliteleza badala ya kushika. Nilizikwangua kwa msasa hadi ung'avu ukaondoka, nikafuta ndani ya ngoma kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisitimke tukalivuta, nikapaka grisi kiasi cha punje ya mtama kwenye kijiti kinachozifungua. Kiasi ni muhimu, kwa sababu grisi ikizidi itayeyuka na kuingia kwenye brekishu, na kazi yote itakuwa imeharibika. Kebo yake niliining'iniza wima na kudondoshea oili juu mpaka ilipochuruzika chini ikiwa nyeusi, kisha ikiwa safi. Mkono wa breki ukawa mwepesi.

Cheni ilinishangaza kwa wema wake. Kwenye boksi la bati kuna tundu lenye kizibo cha mpira la kuchungulia, na nilipoisukuma kwa kidole ilicheza kama milimita 40, kupita kiasi kinachotakiwa. Lakini haikuwa na kutu na meno ya sproketi yalikuwa bado mapana. Pikipiki nyingi za siku hizi cheni yake iko wazi, na mchanga wa kwetu huimaliza mapema sana. Niliikaza kwa kuvuta ekseli nyuma, nikihesabu alama za pande zote mbili ziwe sawa ili gurudumu lisikae upande, nikaipaka oili nzito kupitia tundu lile lile huku shemeji akizungusha gurudumu taratibu.

Siku ya tano, Chemba hadi Dodoma

Breki ya mbele sasa inashika kwa vidole viwili. Niliijaribu mara kumi kwenye barabara tupu kabla ya kuagana na wenyeji wangu.

Kabla ya kufika Mayamaya niliingia njia ya vumbi kumsalimia mwanafunzi wangu wa zamani, na wakati wa kurudi gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya tairi na tyubu. Nilikuwa na solusheni, viraka, vyuma viwili vya kubandulia na pampu ya mkono, kwa hiyo niliitengeneza mwenyewe kivulini, ingawa ilinichukua muda mrefu kuliko ambavyo fundi wa pancha angetumia. Jambo ambalo ningependa kila anayeendesha huku alikumbuke ni kupapasa ndani ya tairi kwa kitambaa kabla ya kurudisha tyubu. Nilikuta ncha nyingine mbili za miiba ya zamani, zimevunjika ndani ya mpira, zikisubiri.

Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa akipita na mbuzi wake alinisalimu "Mbukwenyi", akasimama kuangalia kazi, akanishikia pampu bila kuombwa.

Kutoka Mayamaya zilibaki kilomita zipatazo 44. Nilizimaliza jioni, nikipita mashamba ya zabibu ya Makutupora, na taa ya mbele ilipohitajika kuwashwa pale Msalato nikagundua kwamba volti 6 hutoa mwanga wa kutosha injini ikiwa kwenye mwendo tu. Ukisimama kwenye makutano inafifia mpaka unaona waya mwekundu ndani ya globu. Safari za usiku nimeziondoa kwenye mipango yangu.

Siku ya sita, Dodoma

Bima, na kuanza taratibu za kubadilisha jina la mmiliki. Pikipiki ilikaa uani.

Siku ya saba, Dodoma

Nilikwenda Majengo kutafuta spea: mpira wa kabureta, gaskiti ya kifuniko cha kulia cha injini, spoki na oili. Mpira niliupata katika duka la nne. Nilikuwa nimebeba ule wa zamani mkononi, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa maduka mengi yana spea za pikipiki zilizoigwa kutoka CG125 ambazo zinafanana sana bila kulingana. Muuzaji wa kwanza alinihakikishia kwamba wake ungeingia; tulipoulinganisha na wa zamani ulikuwa mfupi.

Siku ya nane, gereji, Nkuhungu

Kuna kazi ambazo sikutaka kuzifanya peke yangu mara ya kwanza. Nilimtafuta fundi ambaye amezijua pikipiki hizi tangu zilipokuwa mpya, mtu mzima wa maneno machache, nikamwomba aniruhusu niwe saidia fundi wake kwa siku moja. "Mwalimu anataka kufundishwa," alisema. "Haya, vaa koti."

Alisikiliza injini ikiwaka kwa sekunde chache tu, akaizima, akasema itabidi ipoe hadi mchana. Nilimuuliza amesikia nini. "Sijasikia kitu, mwanangu, na hapo ndipo penye shida. Hizi zinatakiwa ziongee kidogo juu." Ule utulivu nilioufurahia Kondoa ndio uliomtia wasiwasi.

Ilipopoa alifungua vifuniko viwili vya tapeti, akazungusha injini kwa spana mpaka alama ya T ilipokaa sawa, akahakikisha kwamba valvu zote mbili hazisukumwi, kwa sababu alama hiyo hupita pia wakati valvu zinafanya kazi na anayekosea hapo hupima uongo. Nafasi inayotakiwa kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.08. Kijipande cha fila, yaani bati jembamba la kupimia nafasi, cha kipimo hicho kiliingia kwa valvu ya hewa. Kwa valvu ya moshi hakikuingia, wala chembamba kuliko hicho hakikuingia. Alinieleza huku akilegeza nati: valvu ikibanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na kiti ndicho kinachoipunguzia joto, ikikosa kukaa, moto hupenya pembeni na kuilamba ukingo mpaka iungue. Ya kelele itakusumbua masikio, ya kimya itakuunguza valvu. Aliniachia nikaze nati ya mwisho mwenyewe, kisha akanifanya nipime upya, kwa sababu kukaza kwenyewe huibadilisha nafasi. Ilibadilika kweli. Nilirudia mara tatu kabla kijipande hakijateleza kwa ukinzani mdogo kama wa karatasi iliyobanwa kati ya kurasa.

Mchana tulimwaga oili, iliyokuwa safi kuliko nilivyodhani, na tulipofungua kifuniko cha kulia nilielewa kwa nini. Injini hii haina chujio la karatasi. Ina wavu, na ina kikombe kinachozunguka kwa kasi pamoja na injini, kinachotupa uchafu pembeni ubakie ukutani. Ukuta wa kikombe ulikuwa na tope jeusi, zito kama lami, nene kiasi cha unene wa kidole changu kidogo. Mzee wa Kondoa alikuwa akibadilisha oili kwa uaminifu, hilo lilionekana, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna chombo kinachopokea uchafu wote na kwamba nacho kina kikomo. Tulikikwangua kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, tukakiosha kwa petroli, tukaweka gaskiti mpya na oili chini kidogo ya lita moja.

Jioni ilipowaka ilikuwa na mlio mwembamba juu, tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya jirani. Fundi aliinamisha kichwa, akaitikia kwa nyusi, akaenda kunawa.

Siku ya tisa, Dodoma hadi Hombolo na kurudi

Nilijaza tangi hadi alama niliyoiweka, nikaenda bwawani Hombolo kwa mwendo wa 50, nikarudi, nikajaza tena hadi alama ile ile. Kila lita moja ilinipeleka karibu kilomita 42. Plagi ilikuwa ya kahawia nyepesi, kama maganda ya karanga. Haikuzima hata mara moja, ingawa tangi lilikuwa limejaa.

Usiku nilimpigia Mzee simu kumshukuru. Nilimweleza kuhusu breki, kuhusu kikombe cha oili, na mwisho kuhusu tundu la kifuniko. Alinyamaza.

"Kwa hiyo haikuwa inachoka," alisema.

"Haikuwa inachoka, Babu. Ilikuwa inakosa pumzi."

"Na mimi siku ya shamba nilikuwa naijaza tangi mpaka juu, nikisema isije ikaishiwa." Alinyamaza tena. Kisha nikamsikia akimwita mjukuu wake, ambaye naye ana pikipiki, amletee taa na sindano.